Ezra Pisatubbi na Siku ya Gideoni

Sogeeni karibu, watu wa Mto Kiamichi, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe kwanza, maana habari hii haikatizwi katikati. Inaanza kwa fahari na kuishia kwa aibu, na mtu akiniomba niishie kwenye fahari, kama wanavyopenda wageni wanaokuja hapa na kofia zao mkononi, nitanyanyuka niende zangu nikalale. Ama mnaichukua yote, ama mnaiacha yote.

Ilikuwa katika enzi za mababu, wakati watu wetu Wachokta walipokuwa wamefukuzwa katika nchi ya Kilima Mama, kule mashariki ambako watu wa kwanza walitoka ndani ya ardhi wakalala kwenye majani kukaushwa na jua, na walipokuwa wakisukumwa magharibi kwa miguu katika majira ya barafu, wakizika wazee upande huu wa njia na watoto upande ule. Ndani ya gari la maksai lililokwama matopeni alizaliwa mtoto mwanamume, na kwa kuwa hapakuwa na kitambaa kingine, mama yake akamfunga kwa blanketi jeupe lililokuwa limetengwa kumzikia bibi yake. Bibi akazikwa bila blanketi. Mtoto huyo ndiye Ezra Pisatubbi, mwana wa Onatima, binti wa Pisahona, binti wa Ilahona, yule aliyebeba makaa ya moto wa Kilima Mama ndani ya chungu njia nzima bila kuyaacha yazimike. Nimewataja akina mama kwa sababu kwetu damu huhesabiwa kwa mama, na baba ni mgeni mwenye heshima.

Huyo ndiye Ezra, Dubu wa Kiamichi, Mtunga Sheria, Ulimi wa Taifa, aliyeitwa na wakubwa na wadogo Ezra wa Neno Moja. Alikuwa na kifua cha kuzuia mlango, na sauti ambayo ikisema upande huu wa bonde, ng'ombe wa upande wa pili huinua vichwa. Katika mpira wa magongo, mchezo ambao babu zetu waliuita mdogo wa vita, vijana wa wilaya nyingine walikuwa wakiulizia kwanza kama Ezra anacheza, na wakiambiwa anacheza, baadhi yao walianza kuumwa matumbo.

Alipokuwa amebalehe tu aliona jambo lililomtengeneza. Enzi hizo aliyemwaga damu alidaiwa damu, lakini haikuulizwa sana ni damu ya nani: yeyote wa ukoo wake wa mama akijitokeza na kusema, "Nitakwenda mimi," alikubaliwa, akaketishwa juu ya blanketi, akapigwa risasi, na jambo likawa limekwisha. Mjomba wake Hopaya, aliyemlea na kumfundisha farasi na bunduki, alikwenda kufa kwa ajili ya binamu mmoja mlevi, mtu ovyo kabisa. Na yule binamu akafika matangani, akala nyama akashiba, kisha akaomba ya kufungiwa. Ezra aliyaona hayo kwa macho yake mawili.

Basi akaenda shule za Wazungu huko mashariki akasomea sheria, na wakamcheka kwa viatu vyake, na akawashinda kwa mitihani yao, akarudi kwetu akiwa wakili. Ndipo vikaja vita vya Wazungu wa Kaskazini na wa Kusini, vita ambavyo havikutuhusu, na wakubwa wetu wakaingia upande wa Kusini, upande wa wenye watumwa, kwa kuwa na wao walikuwa na watumwa mashambani mwao. Hilo nalo ni la aibu, nalisema mapema, msije mkadhani aibu yetu ilianza na Gideoni.

Ezra akavaa koti la kapteni akapigana kama alivyocheza, mbele ya wote. Lakini kilichompa jina si kupigana. Katika baridi kali, yeye na askari wake walizingirwa wakatekwa, na huko huko kwenye kambi ya adui zikamfikia habari kwamba mama yake Onatima yuko mahututi katika makambi ya wakimbizi. Akamwendea kamanda wa adui, akamwambia, "Niache niende nikamzike mama yangu. Nikichelewa alfajiri tutakayopatana, wapige risasi watu wangu wote." Kamanda akamwacha aende. Akaenda, akazika, akageuza. Njiani farasi akavunjika mguu. Wako wanaosema alimbeba begani. Mimi sisemi hivyo, farasi ni farasi. Ninachosema ni kwamba alifika kwa miguu, buti moja halina soli, theluji imemganda kwenye nyusi, kabla jua halijatokeza, akasimama mbele ya hema la kamanda akasema neno moja tu: "Nimekuja."

Yule Mzungu akavua kofia yake, akawafungulia wote. Na neno lile likarudi nyumbani kabla ya mwenyewe kurudi. Watoto wakilicheza, wanawake wakilitia katika nyimbo za kutwanga mahindi.

Vita vilipokwisha akasimama katika Nyumba ya Baraza, mbele ya machifu wa wilaya zote, akiwa hajatimiza umri wa kusikilizwa, na wakamsikiliza. Akasema: "Enyi watu wa Kilima Mama! Tangu leo kila mtu na afe kifo chake mwenyewe. Asiwepo tena mwema atakayeketi juu ya blanketi la mwovu. Na tusijenge jela, kwa maana anayefungiwa ndani ni mtu asiyeaminika, nasi ni watu wa kuaminika. Aliyehukumiwa aende kwake, avune mahindi yake, aage watu wake, na siku yake ikifika aje kwa miguu yake mwenyewe." Baraza lote likaitikia kwa kishindo, na hiyo ikawa sheria.

Na walikuja, jamani! Walikuja wenye makosa makubwa na wenye makosa ya hasira ya dakika moja. Mmoja alikuja mvua inanyesha, akaomba radhi kwa kulichafua blanketi kwa matope. Mwingine alifika mapema mno, akawasaidia wachimba kaburi, maana udongo ulikuwa mgumu. Mkuu wa askari farasi, Hikatubbi, mtu mkimya mwenye mkono usiotetemeka, ndiye aliyekuwa akipaka alama nyeupe juu ya moyo na kufyatua, na ndugu mmoja humshika mikono anayekufa asije akafa peke yake. Baada ya hapo nguzo zilisimikwa kuzunguka kaburi, na watu wakaja kulia pamoja, hata jamaa wa aliyeuawa, kwa sababu aliyekuja siku yake amekufa kama mtu wetu. Anayekuja huliliwa, ndivyo tulivyokuwa.

Kwa hayo Ezra akapanda, akawa mjumbe, akawa spika wa baraza, na mwisho akawa Mkuu wa Taifa zima. Na alipokuwa Mkuu akaitwa katika mji mkuu wa Wazungu, kwa kuwa wakubwa wao walikuwa wameitamani nchi yetu, wakitaka igawanywe vipande vipande, kila mtu apewe kijisehemu chake na kitakachobaki kiuzwe kwa wageni. Akasimama mheshimiwa mmoja mwenye tumbo akasema Wahindi, ndivyo walivyotuita sisi, hawawezi kujitawala, maana hilo ni taifa gani lisilo hata na jela? Wakacheka. Ezra akasimama, na alipofungua kinywa kicheko kikakatika.

"Mheshimiwa," akasema, "kwenu aliyehukumiwa hufungwa minyororo, na bado hutoroka. Kwetu hufunguliwa mlango, na hurudi. Hajakosa siku yake hata mmoja. Siku atakapokosa mmoja, njooni muigawe nchi yetu, nami sitafungua mdomo."

Lo! Nani alimtuma? Watu wetu waliposikia walishangilia, wakawasha mioto, wakachinja. Mimi kila nikifika hapa natamani ningekuwepo nimvute shati akae chini.

Sasa sikieni kuhusu Gideoni. Ezra alikuwa na dada mmoja tu, Saina, mjane mwenye ulimi mkali na mikono isiyojua kupumzika, na Saina alikuwa na mtoto mmoja tu, Gideoni. Watoto aliowazaa Ezra walikuwa wa ukoo wa mama yao. Kwetu mjomba ndiye mzazi, na mtoto wa dada ndiye mtoto. Ezra alimfundisha Gideoni kila alichokijua, akampa farasi wake wa vita, akampa jina la kumwita faraghani ambalo sitalitaja kwa sababu si langu. Na Gideoni akakua kijana mrefu, mcheshi, mwenye dosari moja tu ikiwa hiyo ni dosari: mjomba wake akimwambia mto huu hauna kina, aliingia na viatu.

Vuli moja, baada ya mpira wa magongo, watu wakiwa wanakunywa maji, kijana aitwaye Kalebu Nowahoma akasema kwa mzaha kwamba Mkuu amenenepa kwa karamu za Wazungu na siku moja watamla yeye mwenyewe. Watu wakacheka. Gideoni hakucheka, gongo lilikuwa bado mkononi. Alipiga mara moja tu, penye panja. Kalebu akaanguka hakuamka, akamwacha mkewe Wisi mimba ikiwa imeshaonekana.

Gideoni hakukana kitu. Alisimama mbele ya majaji akasema amemuua mtu kwa neno la utani, na kwamba angependa kumaliza mavuno ya mama yake. Wakampangia Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno. Akaenda nyumbani, akatengeneza paa, akapasua kuni za majira yote ya baridi. Saina akakata kitambaa akaanza kumshonea shati la siku yake. Hakulia. Alisema tu, "Mwanangu atakwenda akiwa nadhifu."

Na Ezra je? Alikuwa na uwezo wa kusamehe, Mkuu huyo, lakini kwa miaka yote aliwanyima msamaha watoto wa dada za wengine, na sasa angewaangalia vipi? Alikuwa hali, hasemi. Kila akifumba macho alimwona Hopaya juu ya blanketi, kisha uso wa Hopaya unageuka kuwa wa Gideoni. Alitamani sana aende yeye, akafie pale mahali pa kijana, kama zamani. Lakini mlango huo alikuwa ameufunga mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe.

Siku chache kabla ya ile Ijumaa alipita shambani kwa Saina, mchana, na kumkuta Gideoni akivunja mahindi huku anaimba wimbo wa kanisani, tena anaukosea maneno. Ezra akasimama pembeni ya shamba. Moyo ukamshinda.

"Mpwa wangu," akasema, "siku yako imesogezwa."

Gideoni akaacha kuimba. "Imesogezwa, mjomba?"

"Majaji wanataka kuisikiliza kesi upya. Vuka Mto Mwekundu, ukakae kwa rafiki yangu upande wa Texas mpaka nikuite."

"Mama anajua?"

"Nitamwambia mimi."

Mwingine angeuliza. Angeuliza jaji yupi, kwa nini Texas, kwa nini leo. Mtu wa kwetu, wa zamani zile, asingeuliza, na Gideoni kwa Ezra wa Neno Moja ndiyo kabisa: alipangusa mikono kwenye suruali, akamaliza mstari aliokuwa ameuanza ili asimwachie mama kazi nusu, akasema, "Haya, mjomba," akatandika farasi. Ezra akabaki kati ya mabua. Alikuwa amepanga kwamba siku ikishapita atatafuta hila ya kisheria, maana kwa hila za kisheria hakuwa na mpinzani. Na Saina hakumwambia.

Ijumaa ikafika. Watu wakajaa uwanja wa mahakama tangu asubuhi, wakatandaza blanketi, kaburi likiwa wazi, Hikatubbi amesimama na bunduki yake. Saina akakaa mbele na lile shati mapajani. Alidhani mwanawe amekwenda kukaa siku zake za mwisho kwa mjomba wake, na kwamba watakuja pamoja. Ezra akaja peke yake juu ya farasi. Jua likapanda. Watu wakaanza kuangalia barabara. Saina akasema, si kwa mtu yeyote, "Labda farasi kachechemea." Jua likafika kati. "Atakuja," akasema Saina. Likapinda. Akina mama wakaanza kuvuta shali zao usoni, na wazee wakaangalia vidole vya miguu yao. Hikatubbi akatoa risasi ndani ya bunduki, akaitia mfukoni. Sauti ile ndogo ya chuma kila mtu aliisikia.

Ndipo Wisi, mjane wa Kalebu, akainuka na tumbo lake, akamwendea Saina. "Mama Gideoni," akasema, "nilikuwa nimejiandaa kumlilia mwanao. Sasa nitamlilia nani?"

Saina akalikunja shati, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kabisa mkononi. Na Ezra, Ulimi wa Taifa, aliyewanyamazisha wakubwa wa Wazungu, alikuwa juu ya farasi hatua chache tu kutoka kwa dada yake. Neno moja lingetosha. Akafungua kinywa, akaona nyuso zote zile zikimwangalia kwa heshima, hata siku ile, hata saa ile, wakimsubiri awaambie la kufanya. Akafunga kinywa. Akajiambia, kesho nitasema. Akageuza farasi.

Jamani, aibu iliyotushika! Si hasira, aibu. Watu walirudi nyumbani kwa njia za porini wasikutane. Ibada ya Jumapili, benchi alilokaa Saina halikukaliwa na mwingine, na tangu hapo akawa anakwenda kuchota maji saa ambazo kisimani hakuna mtu. Magazeti ya Wazungu yakachekelea. Na kila kesho Ezra alijiambia kesho.

Huko Texas Gideoni alikuwa akimsaidia mwenyeji wake kupasua mbao, akisubiri kuitwa. Siku moja akamsindikiza mtoni, na mwenye kivuko, Mchokta, akamwuliza anatoka wapi. Aliposema Kiamichi, mtu yule akatema mate majini. "Kwenu kuna mwoga kakosa siku yake," akasema. "Mwana wa Saina. Mimi ndugu yangu alikuja siku yake akiwa na homa, anatetemeka, lakini alikuja. Sasa tutasema nini?" Gideoni alishuka kwenye farasi, akaomba avushwe, akamwacha farasi ng'ambo. Sijui kwa nini, labda aliona hastahili kumpanda, kwa kuwa alikuwa farasi wa mjomba wake.

Alifika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Alikuja katikati ya barabara, vumbi mpaka magotini, akasimama mbele ya Hikatubbi.

"Nimekuja," akasema.

"Ulikuwa wapi?"

Gideoni akainua macho akamwona mjomba wake kwenye ngazi za kanisa. Wakaangaliana. Kijana alikuwa ameshaelewa yote njiani, hatua kwa hatua. Hakuwa mjinga, alikuwa mwaminifu. Akainamisha kichwa. "Nilipotea njia," akasema.

Mtu mmoja akacheka. Gideoni apotee njia! Yeye aliyezijua njia za Kiamichi akiwa amefumba macho. Saina akageuka akaangalia ukuta wa kanisa. Na Ezra akashuka ngazi moja, akasimama hapo hapo.

Majaji wakamwambia arudi nyumbani mpaka asubuhi. Akakataa. "Nifungeni," akasema, "msije mkaniamini." Hakukuwa na minyororo katika taifa letu zima, wakamfunga kwa kamba ya farasi kwenye nguzo ya mahakama. Ndiye mtu wetu wa kwanza kufungwa.

Kulipokucha akaketishwa juu ya blanketi. Hakuvaa shati jipya. Mama yake hakuja nalo, hakuja kabisa. Wa kumshika mikono ni jamaa wa ukoo, na mwanamume wa ukoo alikuwa mmoja tu. Ezra akapiga magoti akaishika mikono ya Gideoni. Gideoni akamnong'oneza, "Mjomba, usiseme kitu. Neno lako likianguka, watu hawa watashika nini?" Hikatubbi akapaka alama. Ezra akaona alama ile nyeupe, akaona kidole kwenye bunduki, akawa bado ana muda.

Hakusema. Bunduki ikalia.

Walimzika bila nguzo na bila kilio, maana aliyekosa siku yake haliliwi. Na mwaona sheria ilivyomgeuka aliyeitunga: alisema asiwepo tena mwema atakayeketi juu ya blanketi la mwingine, na mwema akaketi, mbele yake, yeye akiwa ameishika mikono yake.

Zikapita mvua kadhaa, Wazungu wakaja na minyororo ya kupimia ardhi. Msiniambie walikuja kwa sababu ya Gideoni. Ramani zao zilikuwa zimechorwa siku nyingi, na wangekuja hata kama tungekuwa malaika. Lakini walikuja na maneno yetu wenyewe mkononi. Katika Nyumba ya Baraza, watu wamejaa mpaka madirishani, mjumbe wao akamsomea Ezra kiburi chake cha zamani, neno kwa neno, kisha akauliza kwa upole, "Mkuu, alikosa mmoja, au hakukosa?"

Watu wote wakamgeukia Ezra, wakitumaini kwamba Dubu wa Kiamichi atapata jibu la ujanja, kama siku zote. Akasimama, kifua kile kikiwa kimeingia ndani.

"Hakukosa," akasema. "Mimi nilimwambia siku imesogezwa. Nilimdanganya, naye akaniamini, kwa sababu nilimlea aniamini. Aliposema amepotea njia alikuwa akinifunika mimi. Nilimshika mikono akafa, na sikusema."

Hata Wazungu wakaacha kuandika.

Kutoka upande wa akina mama Saina akainuka, mvi zimemjaa, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimkwepa kisimani, na watu wale wakajibana kumpa njia, na hakuna aliyethubutu kumwangalia. Akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka," akasema, "siku ile sikwenda kumuaga mwanangu. Nilimwonea haya. Miaka yote hii nimebeba aibu nikidhani ni yake. Ni yako. Njoo uichukue."

Akatoa ndani ya shali lile shati, lililokunjwa vile vile, akamwekea mikononi, akatoka nje.

Nchi ikagawanywa. Ezra akavua koti la ukuu akaliacha kitini, akamwendea Hikatubbi, mzee sasa, akamwambia, "Nipeleke kwenye blanketi." Hikatubbi akamjibu, "Mkuu, sheria ni yako. Kila mtu afe kifo chake. Kifo cha Gideoni kimeshatumika, na chako hakuna jaji aliyekihukumu. Katika sheria hukutia adhabu ya anayesema uongo, kwa sababu ulidhani kwetu waongo hawapo." Akafunga mlango wake, taratibu.

Tangu hapo, kila mwaka, Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno, watu walimwona Ezra Pisatubbi akija uwanjani pa mahakama kwa miguu, na lile blanketi alilofungiwa siku alipozaliwa. Alilitandaza, akajipaka mwenyewe alama nyeupe juu ya moyo, akaketi, akasema, "Nimekuja." Hakuja mtu. Watu walizunguka wakapita kwa mbali wakiwaziba watoto macho. Jua likizama alikunja blanketi akaenda zake. Hivyo hivyo mwaka hata mwaka, mpaka kifua kile kikawa mbavu, na sauti ile haifiki hata ng'ambo ya barabara.

Kisha mwaka mmoja blanketi lilikutwa limetandazwa asubuhi, halina mtu. Nyayo zilielekea mtoni na kuishia kwenye mawe. Wengine husema alikwenda mashariki kuingia tena ndani ya Kilima Mama, na kwamba Kilima kilimkataa. Sijui. Hakuna kaburi la kuwaonyesha.

Saina alilichukua lile blanketi, akalifua, akaenda nalo mahali alipozikwa mwanawe. Hapo ndipo tulipopata ujasiri wa kumfuata. Tukasimika nguzo, tumechelewa mno, tukasimama tusijue nani aanze, maana hakuna aliyejiona na haki ya kumlilia. Aliyeanza ni Wisi, mjane wa Kalebu, akiwa amemshika mkono mwanawe, sasa amekuwa mkubwa, ambaye hakumjua baba yake. Alipiga magoti akalia kwa sauti, "Gideoni, ulikuja! Ulikuja!" Ndipo watu wote wakaanguka wakalia.

Hiyo ndiyo habari ya Ezra Pisatubbi, aliyetupa sheria, na alama aliyotuachia mnayo vinywani mwenu. Zamani mtu wa Kiamichi akiambiwa neno, alitandika farasi akaenda. Siku hizi tunauliza: umeambiwa na nani? Una hakika? Yupo mwingine aliyesikia? Watoto wetu wanadhani huo ndio werevu, na kwa dunia ilivyo huenda ndio. Lakini mimi nikiwasikia wanavyouliza, tena wanauliza mama zao, naangalia chini.